Picha ya Ngumi

Gari la sinema lilifika Kihesa Alhamisi alasiri. Lilipita polepole kati ya nyumba, na kipaza sauti kilichofungwa juu yake kilitangaza kwamba jioni ile, kiwanja cha mpira, picha ni bure, kila mtu aje na mtoto wake na blanketi lake. Atuganile alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Aliweka ungo chini, akamfunga mwanawe mgongoni, akasimama kulitazama gari mpaka likakata kona. Hata lilipokwisha kupita aliendelea kusimama pale, maana kwa mtu ambaye tangu asubuhi hajazungumza na mtu mzima, vumbi la gari nalo ni kitu cha kutazama.

Alikuwa mgeni. Mumewe, Asukile, alikuwa dereva wa lori la kutengeneza barabara. Alipopata kazi Iringa alimtoa mkewe kwao Rungwe, akampangia chumba Kihesa, wakakaa pamoja muda mfupi tu, halafu kikosi chao kikahamishiwa Mbalizi, kule kupita Mbeya. Yaani yeye kaletwa Iringa kumfuata mume, na mume karudishwa jirani na kwao. Asukile mwenyewe alicheka alipomweleza, lakini kicheko hakikwenda mbali.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Watanirudisha. Ila usipopazoea, kabla mvua hazijaharibu njia nakuja nakuchukua, nakupeleka kwa mama."

"Nitazoea," alijibu Atuganile.

Hakumwambia kwamba kwa mama hakuna masomo ya jioni. Pale Kihesa yalikuwapo, Jumatatu na Jumatano, katika chumba cha mwisho cha shule ya kanisa, na Atuganile alikwisha kujua kuandika jina lake na la mtoto. Mtoto aliitwa Tusekile, maana yake tumecheka, tumefurahi. Aliliandika jina hilo kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, akalifuta, akaliandika tena.

Kazi ilikuwa kuzoea watu. Kihehe hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, cha kupanga neno moja moja. Wanawake wa bombani walikuwa wema. Walizungumza lugha yao na kucheka, na kila walipokumbuka kwamba yupo walirudi kwenye Kiswahili, kama watu wanaomsogezea mgeni kigoda. Yeye alikaa kwenye kigoda hicho, akatabasamu, akachota maji, akaondoka.

Mtu mmoja tu alikuwa zaidi ya hapo. Mama Kasian alikaa nyumba ya pili, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, mwenye mtoto wa kiume wa kwenda shule. Siku ya kwanza alipomwona Atuganile amesimama nje na daftari mkononi na mtoto analia mgongoni, alinyosha mikono tu.

"Mlete huyo. Nenda kasome."

Tangu siku hiyo, kila jioni ya masomo, Mama Kasian alimshika Tusekile. Atuganile akirudi alimkuta mtoto amelala, ananuka moshi wa jiko la watu wengine. Hawakuzungumza mengi. Lakini Atuganile, alipohesabu moyoni alicho nacho Iringa, alianzia pale, na kusema kweli aliishia pale pale.

Basi jioni ile alikwenda kiwanjani. Baridi ya Julai ya Iringa haina adabu, inaingia hata palipofungwa. Watu walikaa kwa mafungu, kila fungu na blanketi lake, na yeye akakaa pembeni ya fungu asilolijua, karibu kiasi cha kupata joto, mbali kiasi cha kutoulizwa. Shuka jeupe lilitundikwa kati ya nguzo za goli. Mtambo ukaanza kunguruma na mwanga ukatoka ndani ya gari.

Picha ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyenunua baiskeli kabla hajajua kuipanda. Kwa kuogopa aibu akawa anaikokota mji mzima, na kila anayemuuliza anamwambia ina pancha. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Ya pili ilikuwa ya namna ya kukausha tumbaku. Ilikuwa ndefu, na majani ndani yake ni mengi.

Halafu ikaja ya tatu. Kijana wa kipaza sauti, aliyekuwa na Kiswahili laini cha pwani, alitangaza, "Na sasa, kliniki ya mama na mtoto," na pale juu ya shuka, mkubwa kuliko nyumba, akatokea Mama Kasian anaogesha mtoto.

Kiwanja kizima kilinyamaza. Atuganile alidhani wanastaajabu, kama yeye alivyostaajabu. Alimtafuta jirani yake kwa macho akamwona upande wa pili, ameinama, kichwa amekifunika chote kwa kanga. Anaona haya, alifikiri, na nani asingeona haya. Akarudisha macho kwenye shuka. Yule mtoto, ambaye kwa mawazo yake alikuwa Kasian zamani za uchanga wake, alikuwa amekaa ndani ya beseni kama mtu mwenye beseni lake.

Machozi yalimtoka Atuganile. Hakuyaelewa mwanzoni. Halafu akaelewa. Kila asubuhi yeye naye alimwogesha mwanawe, akapima maji, akamshika shingo, akamsemesha, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuona. Na hawa hapa, watu kiwanja kizima, wamenyamaza wanamtazama mama anaogesha mtoto. Ilikuwa picha nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuona.

Kulipokucha, bombani palikuwa na desturi yake. Asubuhi ya baada ya sinema, kabla debe la kwanza halijajaa, picha zote zilipewa vidole, ndizo alama zake. Hakimu alikuwa Yudith, Mbena mmoja mfupi, mke wa fundi cherehani, mwenye ulimi usiopumzika.

"Haya, baraza limekaa," alisema, akisukuma debe lake kwenye foleni kwa mguu. "Bwana Baiskeli. Vidole."

Mikono ikainuka, huyu vinne, yule vitatu.

"Mimi vitatu," alisema mmoja. "Yule bwana kafanana na shemeji yangu, nimeshindwa kucheka vizuri."

"Shemeji yako baiskeli kaitoa wapi?"

"Ndiyo maana nikasema kafanana. Sijasema ni yeye."

Yudith alitoa vinne. "Kimoja nimemkata kwa ajili ya ile suruali."

"Yudith, na wewe hujawahi kutoa kiganja kizima."

"Kiganja kizima nakiweka. Siku itakuja picha ambayo mwanamume anapika, anaosha vyombo, na hasemi mtaani kwamba kaosha. Hiyo nitaipa hiki kiganja, na vidole vya miguu nitaongeza."

Walicheka. Atuganile naye alicheka, maana hilo alilielewa lote.

"Ya tumbaku," alisema Yudith, na hakusema zaidi. Aliinua mkono, akaufumba. Wote wakapasuka kwa kicheko, na ngumi zikainuka kila upande.

Hapo Atuganile alishangaa kidogo. Bibi yake alimfundisha kuhesabu kwa mkono mmoja wakati wanapalilia migomba: kidole hiki moja, hivi mbili, mpaka vinne vimesimama, na ikifika tano unaufunga mkono wote, maana watoto wote wameingia ndani na hakuna aliyebaki nje. Ngumi ilikuwa ndiyo ukamilifu, ndicho kiganja kizima. Kumbe hawa wanapenda tumbaku kiasi hiki, alifikiri. Labda waume zao wanailima.

"Basi," alisema Yudith haraka. "Maji yanamwagika hayo. Nani anafuata?"

Tangu afike, Atuganile hajawahi kutoa vidole. Aliogopa kuulizwa sababu, na sababu inataka Kiswahili kirefu. Lakini asubuhi ile alikuwa na kitu cha kusema, na kilikuwa kinamsukuma kifuani.

"Na ile ya tatu?" aliuliza.

Aliyekuwa mbele yake akaliinamia debe lake.

"Ile ya kuogesha mtoto. Hamjaitaja." Aliinua mkono wake juu, akaufumba, akaukaza kwa nguvu zake zote. "Mimi ile naipa hii."

Bomba liliendelea kumwaga maji ndani ya debe lililokwisha kujaa. Wanawake walitazama chini. Atuganile aligeuka kuona wanakwepa nini, akamkuta Mama Kasian nyuma yake, amefika wakati huo huo, debe kichwani. Atuganile alimtabasamulia, ngumi bado iko juu. Mama Kasian aliitazama ile ngumi. Halafu akageuka na debe lake tupu, akarudi alikotoka.

Yudith alisema neno moja kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. Hakulirudia kwa Kiswahili.

Jumatatu jioni Atuganile alimpeleka mtoto kama kawaida. Mama Kasian alifungua mlango nusu.

"Leo sina nafasi," alisema, bila kumtazama mtoto.

Jumatano mlango haukufunguliwa kabisa, na moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Atuganile alisimama pale na daftari lake. Alibisha hodi tena, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba asisikike. Kisha akamfunga Tusekile mgongoni, akaenda naye darasani, akasimama karibu na mlango ili mtoto akilia atoke. Mtoto alilia. Akatoka.

Bombani hawakumtukana. Ingekuwa afadhali. Walimjibu salamu, wakampisha njia, wakampa zamu yake, wakanyamaza mpaka aondoke. Mara moja tu, alipokuwa anajitwisha debe, alimsikia Yudith anasema, "Mpisheni mama wa ngumi," na hakuelewa. Hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Alirudi nyumbani akitafuta kosa lake. Je, hakusalimia vizuri? Je, mtoto alimkojolea Mama Kasian na yeye hakuomba radhi? Alitafuta mpaka na makosa ya zamani yakajitokeza, ya tangu yu msichana, na hata hayo hayakutosha.

Aliyebaki kumsemesha alikuwa Sakerbanu, mke wa mwenye duka la pembeni, Mhindi mnene mpole aliyekaa nyuma ya meza ya sabuni siku nzima.

"Mama Tusekile, ile picha yenu ya bure mimi sikuja. Hapana nyimbo. Watu nakaa gizani, baridi, hapana nyimbo, nafanya nini?"

"Moja ilikuwa nzuri, mama."

"Wewe nalia?"

"Nililia."

"Basi nzuri," alisema Sakerbanu, na akamkatia kipande cha sabuni. "Mimi napeleka leso mbili kila picha. Mwenye duka nasema mimi bure kabisa." Akacheka peke yake, halafu akatazama nje, barabarani, ambako hakukuwa na mtu anayekuja.

Wiki iliyofuata, Jumanne, Jailos alipita. Alikuwa dereva mwenzake Asukile, naye alikuwa anapeleka vyuma Dodoma. Hakuzima hata injini.

"Shemeji, mumeo anauliza. Anaweza kupata ruhusa Jumapili hii, aje na lori. Akukute umefunga mizigo, au usifunge? Mimi narudi Ijumaa asubuhi, nitapita hapa kuchukua jibu."

"Nitakwambia Ijumaa," alisema Atuganile.

Jioni ile alitazama vitu vyake. Sufuria, mkeka, kanga, daftari. Vingefungwa mara moja. Alichukua kamba, akaishika mkononi, akairudisha msumarini, si kwa sababu alikuwa ameamua, ila kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano na alitaka kwenda darasani hata kama ni mara ya mwisho.

Alimnyonyesha Tusekile mpaka akashiba, akambeba. Bahati siku hiyo mtoto alilala. Mwalimu Didas alikuwa amefikia hesabu. Siku zote walihesabu kwa punje za mahindi, lakini panya walikuwa wamekula hesabu yote, kama mwenyewe alivyosema, kwa hiyo leo kila mtu angejibu kwa vidole.

"Mbili, jumlisha na tatu. Nyosheni mikono juu nione."

Mikono ikanyoshwa, viganja wazi. Atuganile alinyosha wake, ameufumba.

Mpishi mmoja mzee aliyekaa mbele aligeuka. "Mama Tusekile kapata sifuri."

Darasa likacheka. Mwalimu Didas akatabasamu naye. "Hapana, mama. Angalia tena. Mbili na tatu."

"Ni tano, mwalimu."

"Ndiyo, ni tano. Sasa tano yako iko wapi?"

"Iko humu." Aliuinua mkono zaidi. "Vyote vimeingia ndani."

Mwalimu akamtazama kidogo, kisha akaelewa. "Ah. Kwenu inafungwa. Huku, mama, ukifunga mkono unasema hamna kitu. Bure. Tano ya huku ni hii hapa," akafungua kiganja chake.

Atuganile alibaki na mkono juu. Darasa lilikwisha kuendelea na hesabu nyingine. Aliona ngumi zile bombani, kicheko cha tumbaku, debe tupu likirudi kichwani mwa Mama Kasian. Ngumi yake mwenyewe aliiona inavyoonekana kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Aliushusha mkono polepole akauweka mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

Asubuhi alikwenda. Mama Kasian alikuwa nyuma ya nyumba anachambua majani ya maboga, anamenya nyuzi na kuzitupa pembeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakumkaribisha kukaa. Atuganile alisimama na mtoto wake mgongoni. Usiku alikuwa amepanga maneno mazuri ya Kiswahili, na sasa yote yalikuwa yamemkimbia.

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wangu," alisema. "Ule wa bombani. Kwetu hii siyo bure." Akaufumba. "Bibi yangu alinifundisha hivi. Hii ni tano. Hakuna iliyozidi hii."

Mikono ya Mama Kasian ilisimama juu ya majani.

"Tano?"

"Tano, dada. Nimejua jana kwamba huku siyo. Mwalimu ndiye kaniambia."

Mama Kasian alimtazama. "Na ile ya tumbaku? Nasikia watu waliipa ngumi."

"Nilidhani mnaipenda sana."

Kitu kilicheza pembeni mwa mdomo wa Mama Kasian, kikataka kuwa kicheko, kikarudi. "Tumbaku," alisema, na akachukua jani lingine.

Atuganile alihisi mzigo unamtoka, na kwa ule wepesi wa ghafla akasema lile ambalo hakupaswa kulisema. "Na Kasian alikuwa mzuri, jamani, alipokuwa mdogo."

"Yule siyo Kasian."

Alilisema bila ukali. Alimenya uzi wa jani mpaka mwisho, akautupa.

"Yule ni Edmund, mdogo wake. Watu wa sinema walikuja na mitambo yao mwaka jana, nesi akanichagua mimi kwa sababu mtoto alikuwa mnene. Baada ya mavuno ikaingia surua."

Atuganile alitafuta neno. Pole ilikuwapo, lakini aliiona ndogo, imetumika mno, watu wanaipeana hata mtu akijikwaa. Likamtoka la kwao. "Ndaga," alisema. "Ndaga, dada."

Mama Kasian hakuuliza maana yake.

"Wote pale wanajua," alisema. "Ndiyo maana hawakuitaja. Wakaogopa hata kunitazama. Wewe ukainua ngumi. Nikasema, na huyu ndiye ninayemshikia mtoto."

"Sikujua."

"Hukujua. Naona." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa, mtoto mzito huyo."

Atuganile alikaa. Jogoo wa jirani alipita, akadonoa nyuzi za maboga, akaziacha.

"Sikuiona," alisema Mama Kasian.

"Nini?"

"Picha. Yule kijana aliposema kliniki, nikajifunika. Nilisikia mtambo tu, unanguruma. Nikajiambia nitafunua sasa hivi, sasa hivi, mpaka ikaisha." Alikuwa anazungumza na majani. "Asubuhi nilikwenda bombani nikasikie ikitajwa. Gari limekwenda Tosamaganga, na toka hapo wanasema Mbeya. Litarudi lini, na litarudi na picha ipi, hakuna anayejua."

"Si ungewauliza hawa wenzako."

"Wao walimjua. Wakinisimulia watalia, na itabidi mimi niwabembeleze." Aliinua macho. "Wewe hukumjua. Nisimulie ulichokiona."

Atuganile alivuta pumzi. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba asimulie kitu kwa Kiswahili. Alianza polepole.

"Kulikuwa na beseni."

"La namna gani?"

"Picha haina rangi, dada. Lilikuwa jeupe, ukingo mweusi."

"Ukingo ulikuwa wa bluu."

"Ukaweka kiwiko kwenye maji, kupima."

"Nesi ndiye aliyetaka kiwiko. Mimi napima kwa mkono."

"Ukamkalisha. Hakulia. Alikaa kama mzee wa baraza. Halafu akapiga maji kwa kiganja, pwaa, yakakurukia usoni. Ukajifuta kwa bega, hivi. Akapiga tena. Alitaka ukasirike, na wewe hukukasirika."

"Halafu?"

"Halafu akageuka akatutazama. Sisi wote pale uwanjani. Alitutazama vizuri kabisa. Akatoa ulimi."

Mama Kasian alikuwa amefumba macho.

"Na wewe ukamwambia kitu," aliendelea Atuganile. "Niliona midomo. Lakini yule kijana wa kipaza sauti alikuwa anazungumza juu yako, mama mwema hupima maji, mama mwema sijui nini. Sikusikia uliloongea."

"Nilimwambia, rudisha ulimi wako ndani, hawa watafikiri hatukulishi."

Atuganile alicheka kabla hajajizuia, kisha akaogopa. Mama Kasian hakucheka. Lakini hakukasirika pia. Alibaki hivyo hivyo, amefumba macho, kama anaisikiliza ile sauti yake.

"Nywele zake," alisema baadaye. "Zilikuwa zimelowa?"

Atuganile alitafuta. Aliuona ulimi, aliliona beseni, aliuona mkono wa mama nyuma ya shingo. Nywele hakuziona. Ingekuwa rahisi kusema zimelowa. Ingekuwa rahisi kusema chochote.

"Nywele sikuziangalia, dada. Nisamehe."

Mama Kasian alitikisa kichwa kukubali. "Vema umesema hivyo." Akakusanya majani kwenye ungo, akasimama. "Kesho uje tena, labda utakumbuka. Lakini usianzie kwenye beseni. Anza na ya baiskeli, halafu tumbaku, yote, kama ilivyokwenda. Nataka nifike pale taratibu."

Hakunyosha mikono kumchukua Tusekile. Alimtazama tu mtoto begani mwa mama yake, akamtazama tena, akaingia ndani na ungo wake. Atuganile alisubiri kidogo pale uani, kwa kuwa alikuwa ametumaini, halafu akaenda zake.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa bado haujaondoka Jailos alipopiga honi. Mara hii alizima injini, akashuka, akasimama anapasha mikono moto kwenye boneti.

"Haya, shemeji. Nimwambie nini?"

"Mwambie asije na lori. Aje mwenyewe tu, akipata nafasi, amwone mwanawe. Mimi nakaa."

"Umeshapata watu?"

Atuganile alifikiri. Alitaka kumjibu vizuri, maana maneno haya yangefika Mbalizi jinsi yalivyo.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja anatosha?"

"Sijui bado."

Jailos alicheka, akapanda, akawasha gari. Atuganile aliingia ndani kumwamsha mtoto. Maji yalikwisha kuchemka. Aliyamimina kwenye beseni, akachanganya na ya baridi, akaingiza mkono kupima, na alipomkalisha Tusekile majini alianza kumsimulia, kwa sauti, kwa Kiswahili, habari za bwana mmoja aliyenunua baiskeli.